Kuku Asiye na Firigisi

Wacuka hajawahi kulipa bei iliyoandikwa ukutani. Ndirangu, mwenye hoteli ya nyama kule karibu na Makadara, aliandika bei ya kila chakula kwa rangi ya mafuta, herufi nyekundu kubwa kama za onyo la stima, ili mteja ajue kwamba bei hizo hazijadiliwi. Siku ya Alhamisi Wacuka alisimama mbele ya ukuta huo, akausoma kutoka juu hadi chini kama mtu anayesoma tangazo la kifo cha asiyemjua, kisha akapita moja kwa moja hadi jikoni.

"Jumapili nataka kuku wawili wa kienyeji," alisema. "Wageni wangu ni watu wa heshima. Sasa tuongee."

"Mama Tiffany, bei iko kwa ukuta."

"Ukuta haujazaa, Ndirangu. Haujui shida. Mimi nimekuja kuongea na wewe."

Wakaongea. Wacuka huuza mapazia ya mitumba kando ya Jogoo Road, na njia yake ya kununua ni ileile anayowakataza wateja wake: kwanza huihurumia bidhaa. Aliwahurumia kuku wa Ndirangu kwa wembamba wao, akayahurumia makaa, akamhurumia hata mpishi. Ndirangu hakutingishika. Mwishowe Wacuka akatoa karata ya mwisho.

"Basi sikiza. Kichwa sitaki. Miguu sitaki. Vitu vya ndani, vyote, sitaki. Nikatie nyama safi, vipande vya kuonekana. Hayo mengine baki nayo, halafu unipunguzie."

Ndirangu alikubali kabla hajamaliza kufuta kisu.

Hapo ndipo mwanamke wa miaka ishirini na tatu kwenye biashara alipaswa kushtuka. Muuzaji akikubali upesi hivyo, kuna kitu amekiona ambacho wewe hujakiona, na somo hili Wacuka huwapa wenzake sokoni bure, tena bila kuombwa. Lakini alitoka pale akitembea kama aliyeshinda uchaguzi.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Binti yake Tiffany, mtoto wake wa pekee, alikuwa amepata mchumba anayeitwa Opicho, fundi wa milango ya vyuma. Wacuka alipopewa habari hizo hakuuliza kama wanapendana; swali la aina hiyo huwaachia watu wa redio. Alienda kwenye karakana ya kijana bila kujitambulisha, akajifanya mteja, akavuta mlango mmoja kwa mikono miwili, akaugonga, akaukagua kwenye maungio. Mlango haukulia. Akarudi nyumbani Mbotela akamwambia Tiffany, "Huyo usimwachilie."

Tatizo lilikuwa baba yake Opicho. Mzee Shitanda alikuwa amestaafu kazi ya reli na bado aliishi Makongeni, na Opicho alikuwa amesema waziwazi kwamba hataoa bila baraka za baba. Mzee naye alikuwa na neno moja tu: kwanza amwone mama ya msichana. Amwone mama, kwa sababu baba hakuwepo wa kuonwa. Baba yake Tiffany alienda Kampala kununua vipuri vya gari mtoto akiwa na miaka minne, na inaonekana vipuri hivyo ni adimu sana, maana mpaka leo anavitafuta.

Nyumbani kwa Wacuka ni vyumba viwili, na sebule imejaa marobota ya mapazia hadi dirishani. Mgeni akiingia, ama akae juu ya robota, ama asimame akiegemea robota. Wacuka alijua vizuri kwamba ukimkaribisha mtu kwako atakukadiria kwa viti vyako, kwa hivyo akaamua mkutano ufanyike hotelini, ambako viti ni vya Ndirangu na aibu yake pia ni ya Ndirangu.

Jumapili ilifika. Wacuka alienda kanisani kama kawaida yake, mapema. Watu humdhania mtu asiye na imani kwa sababu hanyanyui mikono wala halii wakati wa nyimbo. Anayo. Anamwamini Mungu kama anavyomwamini mwenye ghala kubwa la mitumba: mali anayo, ya kutosha kila mtu, ila uwahi na useme wazi unataka nini. Wale wanaokuja saa tano na kulia kwa lugha zisizoeleweka huwaona kama wateja wanaosimama mbele ya duka wakipunga mikono bila kutaja saizi. Jumapili hiyo alitaja. "Mzee Shitanda akubali," alisema, akaketi.

Saa saba hoteli ya Ndirangu ilikuwa imefurika. Jumapili mchana Eastlands nzima hutoka kanisani na Biblia mkono mmoja na njaa mkono mwingine. Kuna familia ambazo hazijasemezana tangu Jumatatu, lakini siku hiyo huvaa vitambaa vya kufanana, hukaa meza moja, baba akashika simu, mama akashika simu, watoto wakagombania soda, na hilo ndilo huitwa kutoka pamoja. Burudani ilikuwa ya Nzivo na kinanda chake. Nzivo huimba nyimbo za sifa mpaka saa kumi kamili. Saa kumi na dakika moja, kinanda kilekile, vidole vilevile, hugeukia nyimbo za kutikisa kiuno, na wale mashemasi waliokuwa wakifumba macho huyafumbua. Hakuna anayeona ajabu. Ndirangu husema Mungu na kiuno ni wateja wote, kila mmoja na saa yake.

Wageni walikuja kwa miguu kutoka Makongeni. Mzee Shitanda alivaa koti zito la kijivu na viatu vilivyong'arishwa hadi soli. Mkewe, Nabwire, mwanamke mnene mwenye macho yasiyoharakishwa, alimfuata akiwa na mkoba mweusi. Opicho alikuja nyuma kabisa, akitembea kama mtu anayepeleka wazazi hospitali.

"Karibu, Mzee. Karibu, Mama Opicho. Mmetembea salama?" alisema Wacuka, Tiffany akiwa kando yake.

"Tumetembea," alijibu Mzee. Akakitazama kiti, akakitikisa, ndipo akakikalia. Wacuka alimpenda kwa hilo.

Chakula hakijafika, Nzivo akaomba kwa kipaza sauti. Ndirangu alikuwa ameanzisha maombi ya jumla, sala moja kwa meza zote, kwa sababu kila baba akiombea meza yake kwa zamu nyama hupoa na wateja wapya hungoja mlangoni. Nzivo alibariki kila sahani "kuanzia meza ya kwanza hadi ile ya karibu na choo," akasema amina, akarudi kwenye kinanda.

Mzee Shitanda alifungua jicho moja. "Hapa hata Mungu anahudumiwa kwa foleni?"

"Ni mambo ya mjini, Baba," alisema Opicho.

"Mjini? Mimi niko Makongeni tangu hujazaliwa."

Kuku wakaja, sinia mbili, pamoja na ugali wa wimbi na mboga ya mrenda. Vipande vilikuwa safi kweli, vya kuonekana, kama alivyoagiza Wacuka. Akasukuma sinia mbele ya Mzee. Mzee akachukua uma, akageuza paja. Akageuza bawa. Akahamia sinia ya pili, akatafuta chini ya kifua, polepole, kama askari anayepekua mzigo. Nabwire naye aliinama akaangalia, akainuka, akamwangalia Wacuka.

"Mama Tiffany," alisema Mzee hatimaye, "huyu kuku alikuwa mgonjwa?"

"Hapana, Mzee! Nilimchagua mwenyewe."

"Nauliza tu. Naona alifanyiwa upasuaji."

Opicho alimwinamia Wacuka sikioni. "Mama, imondo iko wapi?"

"I-nini?"

"Firigisi. Kwetu ni ya mgeni mkubwa. Kuku akiletwa bila hiyo, ni kama... Mama, ni kama umemwambia mtu karibu halafu ukafunga mlango."

Kwao Wacuka, kule Murang'a, heshima ya mgeni ilikuwa mbuzi. Kuku alikuwa chakula cha watoto na wagonjwa, na firigisi yake alipewa aliyekuwa karibu na sufuria. Waluhya alikuwa amewauzia mapazia miaka yote hiyo, akajua hadi rangi wanazopenda. Mezani kwao hakuwahi kukaa, kwa sababu mezani hakuna biashara. Na sasa biashara ilikuwa mezani.

"Nakuja," alisema, akaenda jikoni kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

"Firigisi zangu, Ndirangu. Mbili. Sasa hivi."

"Si ulisema nibaki nazo?"

"Nimebadilisha mawazo. Ziko wapi?"

Ndirangu alionyesha kwa kidevu upande wa Nzivo. Kumbe Nzivo hula sehemu ya malipo yake, na chakula anachokipenda kuliko vyote ni firigisi za kuchoma, zilizotungwa kwenye kijiti. Juu ya kinanda palikuwa na kijiti kimoja, kitupu. Firigisi za Mzee Shitanda zilikuwa jukwaani, zikiongoza watu kwenye sifa.

"Zingine?"

"Za wote amekula. Jumapili huwa na nguvu sana huyo."

Wacuka alirudi mezani na uso wa kawaida, ule wa kumwambia mteja kwamba kitundu kwenye pazia ni pambo. "Mzee, tusamehe. Mpishi amekosea. Hawa vijana wa siku hizi, unawaeleza jambo moja, wanafanya lingine."

Lingekwisha hapo, maana dunia nzima huendeshwa kwa kumlaumu mpishi. Lakini Ndirangu alikuwa amemfuata nyuma na kitambaa begani, na jina la hoteli yake lilikuwa linachafuliwa mbele ya meza tatu zinazosikiza.

"Mama, apana. Usiniharibie jina. Alhamisi si ulisema hutaki za ndani ndiyo nikupunguzie? Tukashikana mikono hapo jikoni?"

Tiffany alifunika uso kwa viganja. "Mathe. Kweli? Ulibargain mpaka kuku wa wakwe?"

Kinanda kilikuwa kimefika kwenye sehemu ya taratibu ya wimbo, ile ya kutubu. Mzee Shitanda aliweka uma chini.

"Kwa hivyo uliuza imondo yangu."

"Sikujua ni yako, Mzee," alisema Wacuka. "Ilikuwa bado ndani ya kuku."

Nabwire alikohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Mzee hakucheka.

"Mimi nilifanya kazi reli miaka thelathini na mmoja. Treni ikifika imepungua behewa moja, hatuulizi kama lilikuwa behewa dogo."

Akavuta ugali na mrenda upande wake, akala hivyo, kuku akamwacha alivyo. Opicho hakuthubutu kugusa paja mbele ya baba yake. Tiffany hakula kabisa. Wacuka peke yake ndiye alikula nyama, vipande viwili, kwa sababu ilikuwa imelipiwa na aibu haishibishi mtu. Maongezi yalikuwa ya mvua. Mvua ilipokwisha, yakawa ya mitaro.

Ugali ulipoisha, Mzee akapangusa vidole kimoja kimoja, akasema, "Tuombe, twende."

Anayekaa mitaa hii anajua maana yake. Kuna maneno ambayo mtu mwenye adabu hawezi kumwambia mwenzake uso kwa uso, na hayo ndiyo huwekwa ndani ya maombi. Mama mkwe humwomba Bwana amfundishe fulani kufagia. Mwenye nyumba humwomba Bwana amkumbushe mpangaji. Waliofumba macho hawawezi kujibu, na ukishasema amina umetia sahihi.

Wote wakainamisha vichwa. Mzee Shitanda ni mtu wa Kanisa la Marafiki, haombi kwa kelele. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma ratiba.

"Bwana, tunakushukuru kwa chakula, kile kilichofika. Umetuona tukiitwa hotelini kama watu wanaouziwa shamba. Tulitaka kuona watu wanaishije, tumeonyeshwa meza. Hatuna ubaya nao, Bwana. Binti ni mzuri. Lakini wape vijana subira. Wangoje mwaka mmoja, ndio tuwajue watu hawa vizuri."

Mwaka mmoja, kwa lugha ya wazee, ni hapana iliyovaa koti. Chini ya meza Tiffany alimshika mama yake mkono, akaufinya kama alivyokuwa akifanya utotoni akidungwa sindano. Mzee akangoja amina. Nabwire hakuisema. Opicho hakuweza. Wacuka, ambaye maisha yake yote hajawahi kumwachia muuzaji neno la mwisho, alibana macho kabisa.

"Tukiendelea katika maombi," alisema.

Kope za Mzee zikatetemeka, lakini hazikufunguka. Ndani ya sala hazifunguki.

"Bwana, mimi Wacuka nimekosa. Niliuza kitu cha mgeni kwa sababu ya punguzo, halafu nikamsingizia mpishi. Wewe uliniona Alhamisi, ungeninong'onezea, lakini tuyaache hayo. Nimemlea mtoto huyu peke yangu na sikumpunguza kitu. Shule alimaliza. Adabu anayo. Mwaka mmoja ni mrefu, Bwana. Gusa roho ya Mzee, ashuke hadi miezi mitatu."

Kutoka upande wa pili wa meza, bila kichwa kuinuka:

"Miezi tisa, Bwana."

"Minne, Bwana, na unajua nimetoka mbali."

"Bwana, minane, na hapo ni kwa sababu ya huyo msichana tu."

Meza ya jirani ilikuwa imeacha kutafuna. Baba mmoja mwenye Biblia kwapani alifumba macho pia, akiamini kwamba ni maombi ya jumla ya pili, akaanza kusema "Ndiyo Bwana, tenda" kwa kila bei iliyotajwa.

"Na tena, Bwana," Mzee aliongeza, sauti ikishuka, "iwe nyumbani kwao. Hata kama ni chumba kimoja."

Hapo Wacuka alikwama. Miezi ilikuwa miezi tu, hupanda na kushuka. Lakini aliiona sebule yake, marobota yamefika dirishani, taa inayowashwa mchana, na koti zuri la kijivu limesimama katikati likitafuta pa kukaa. Aliona pia wateja wote aliowahi kuwaficha hali yake nyuma ya meza ya barabarani iliyopangwa vizuri.

"Bwana," alisema polepole, "wewe unaijua sebule yangu."

"Bwana anaijua," alijibu Mzee. "Sisi ndio hatuijui."

Mkono wa Tiffany ulilegea. Haukufinya tena, haukuomba. Wacuka angeweza kusema afadhali mwaka, na mwaka ungepita, na Opicho angeoa msichana mwenye viti.

"Nyumbani, Bwana," alisema. "Mbotela. Waje waone."

"Desemba," alikatiza Nabwire, akisema kwa mara ya kwanza. "Bwana, ni mwezi wa sita sasa, na mimi magoti yananiuma. Desemba tule nyumbani kwa Mama Tiffany, tarehe ya harusi ipangwe siku hiyohiyo, na hawa wawili waache kukuchosha. Kwa jina la Yesu."

"Amina," alisema Opicho, kwa haraka ya mtu aliyeona lifti ikifungwa.

"Amina!" ikaitikia meza ya jirani, na ile ya karibu na choo, na Nzivo akapiga kinanda kwa nguvu zote za firigisi.

Mzee Shitanda alifumbua macho. Alimtazama Wacuka muda mrefu, jinsi fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Kisha akavuta sinia, akachagua paja lililopoa, akaanza kula.

Wacuka na Nabwire walikutana kwenye karai la kunawia mikono. Maji yalikuwa ya vuguvugu, sabuni imekatwa nusu. Ndirangu naye hajalala.

"Mama Opicho," alisema Wacuka, "nisaidie. Hivi kweli angekataa? Kwa kitu kidogo hivyo?"

"Shitanda?" Nabwire alicheka, sasa bila kujificha nyuma ya kikohozi. "Huyu akitaka kukataa haombi. Anavaa kofia tu, anaenda. Desemba alikuwa ameshaitaja asubuhi, tukinywa chai."

Wacuka alisimama na povu mikononi. Alikuwa amefanyiwa kile anachowafanyia watu kila siku kando ya barabara, tena na mzee mwenye koti, tena macho yamefumbwa.

"Kwa hivyo ningenyamaza, ningebaki na sebule yangu."

"Aa, hapana. Hiyo sebule ndiyo alikuja kutafuta." Nabwire alipangusa mikono kwenye kanga yake, akachukua mkoba. "Si ulimwita hotelini? Njia nzima alikuwa anauliza, huyu mama anaficha nini. Nikamwambia labda ana mume ndani."

"Ni mapazia."

"Basi Desemba utatuuzia."

"Nitawauzia," alisema Wacuka, "lakini hamtapunguziwa." Akarudi mezani, akamwambia Tiffany apanguse machozi na awaulize wakwe zake kama wangependa chai.